Mjusi Amepanda na Kanga ya Mama

Wandugu, leo uso wangu nimeuacha kwenye uwanja wa chuo. Atakayeuokota aniletee Unyambwa kwa bibi yangu, ile nyumba yenye kuku wengi kuliko watu.

Nimeamua kusimulia mwenyewe kabla video haijawafikia. Najua inakuja. Mji wetu huu ukijikwaa Kindai, Misuna wameshakupa pole.

Tuanze asubuhi. Nimeamka alfajiri, nimeswali, nimeomba dua moja tu. Sikuomba kufaulu, sikuomba mchumba. Nimeomba Mjusi apande.

Mjusi ni kimashine chetu. Tumekitengeneza miezi saba, mimi na mwenzangu Emanueli, kijana wa Kiomboi mwenye mikono ya dhahabu na mdomo wa kulalamika. Kazi ya Mjusi ni kupanda mkanda. Basi. (Msicheke bado, hatujafika.) Iko hivi: duniani kuna wataalamu wanaowaza kujenga lifti ya kwenda anga za juu. Mkanda mmoja mrefu sana, chini umefungwa ardhini, juu umefungwa kwenye setilaiti, halafu vyombo vinapanda humo taratibu, bila roketi. Lifti yenyewe haijajengwa, hata mkanda wa kuhimili kazi hiyo bado unatafutwa. Lakini kile chombo cha kupanda, wanafunzi tunashindana kukitengeneza. Mkanda wetu wa leo ulifungwa juu ya mnara wa tangi la maji la chuo, mita ishirini na tano. Chombo kinabeba mzigo wa kilo mbili, kinapanda, kinagonga kengele, kinashuka. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi.

Mshindi anapelekwa fainali. Na fainali ya mwaka huu iko Muscat.

Hapo ndipo penye ugonjwa wangu. Mama yangu yuko Muscat. Huu ni mwaka wa nne anafanya kazi za ndani katika nyumba ya watu, na hajarudi hata mara moja. Baba alishafariki, duka letu la vitambaa pale sokoni likafungwa, na mimi nilikuwa kidato cha tatu mama alipobeba sanduku. Watu wakiniuliza kwa nini naipenda sana teknolojia ya anga za juu, huwa nawajibu kwamba binadamu lazima asonge mbele. Uongo mtupu. Emanueli anataka kufika kwenye nyota. Mimi nataka kufika Muscat, nigonge mlango, afungue yeye. Nimeshauona mlango huo mara nyingi kichwani, hata rangi yake naijua, ingawa sijawahi kutumiwa picha yake.

Siku anaondoka, mama alitoa doti mpya ya kanga, nyekundu yenye korosho nyeusi, akaikata katikati kwa mkasi wa dukani. Kipande kimoja akakitia kwenye sanduku lake, cha pili akanifunga shingoni. Bibi akasema, "Kanga zikiachanishwa lazima zije zikutane." Sijui ni msemo wa wazee au alijitungia palepale. Mimi nimeushika miaka minne kama ulivyo.

Kanga hiyo inalala chini ya mto wangu. Leo nikaitia kwenye begi, iwe ya bahati.

(Kitu kingine mnapaswa kukijua, halafu sirudi nyuma tena. Mwezi uliopita mama alipiga simu, akasema tajiri wake amemletea karatasi ya kuongeza miaka miwili. Nikamjibu haraka haraka, "Sawa mama, sisi tuko sawa kabisa, wala usijali." Mimi ni hodari wa kusema tuko sawa, ningepewa cheti. Nilipokata simu niliingia banda la kuku nikalia mpaka jogoo akatoka nje.)

Saa moja na nusu bajaji imefika. Nimepanga niende na Mjusi peke yetu. Bibi ametoka ndani amevaa gauni la sikukuu, kajipaka hina, kashika mkoba.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Kwani simu atamshikia nani mama yako? Wewe utakuwa unahangaika na huo mjusi wako."

Kweli mama alikuwa ameomba ruhusa kwa tajiri wake aangalie mashindano kwa simu ya video. Tukapanda, bibi kulia, mimi kushoto, Mjusi kwenye beseni katikati yetu, amefunikwa gunia asipate vumbi.

Tumefika karibu na lami, bajaji ikaingia shimoni. Kacha!

Bibi akanigeukia. "Kimevunjika?"

"Hapana bibi."

"Nimesikia kimesema kacha."

"Ni bajaji hiyo, bibi."

Dereva akapunguza mwendo kabisa. "Dada, bajaji yangu haisemi kacha."

Sikufunua gunia. Nilijiambia nisipoangalia hakuna kilichovunjika. (Hii ndiyo akili inayosomea ufundi mitambo, mwaka wa pili.)

Chuoni tumekuta mahema, viti vya plastiki, mgeni rasmi kwenye kochi la ofisini lenye kitambaa cheupe, na skrini kubwa ambayo sikuitarajia. Kumbe waandaaji wameleta kamera yenye uwezo wa kuvuta, ili watu waone kengele ya juu bila kuumiza shingo. Nikasema, maendeleo hayo! Ningejua, ningeikata nyaya mapema.

MC naye ni yule wa harusi za mjini hapa, mnamjua. Hajui kuendesha kitu kingine. Timu ya kwanza ilipoitwa alisema, "Na sasa wanaingia maharusi wetu," kisha akajirekebisha, na watu walishacheka.

Emanueli alinipokea beseni, akafunua gunia, akanyamaza. Emanueli akinyamaza ujue kuna msiba.

"Zulfa. Betri inacheza."

Kishikio cha betri kilikuwa kimepasuka katikati. Mjusi asiposhikwa betri vizuri, betri inaning'inia, uzito unaelemea upande mmoja, na magurudumu yake yanayobana mkanda yanateleza. Hiyo tunaijua, imetutesa mwezi mzima tulipokuwa tunafanyia mazoezi kwenye jabali nyuma ya nyumba ya bibi, kwa mkanda wa kufungia mizigo tuliopewa na madereva wa malori pale Shelui.

"Solotepu?" nikauliza.

Akanionyesha. Ilikuwa imebaki kipande kama kidole.

"Waya?"

"Uguse betri, tuungue wote mbele ya mgeni rasmi? Nilikwambia tufunge kishikio cha chuma. Nilikwambia mwezi wa kwanza. Nilikwambia na mwezi wa tatu."

Huku nje makofi. Timu ya pili ilikuwa imemaliza, wale wa chuo cha mbali waliokuja na fulana za kufanana. Dakika moja na sekunde kumi na mbili. MC akapiga kigelegele yeye mwenyewe.

Tukatazamana. Mjusi kwenye jabali alikuwa anapanda na kushuka kwa sekunde hamsini na nane. Mara tano mfululizo. Muscat ilikuwa palepale, umbali wa kishikio kimoja cha plastiki.

Hapo ndipo mkono wangu ulipoingia kwenye begi.

Niseme ukweli, sikufikiri mara mbili. Mikono ilifikiri yenyewe. Nimeikunja kanga kwa urefu, maandishi yakaingia ndani, nikamlaza Mjusi kifudifudi, betri nikaiweka mgongoni, nikapitisha kanga chini ya tumbo lake, nikaivuta, nikaikunja pembeni, nikafunga fundo mbele. Mbeleko. Vilevile kama wanavyobebwa watoto toka hapa mpaka Mkalama. Solotepu ya kidole tukaibandika juu, kwa heshima tu.

"Una uhakika?" Emanueli akauliza.

"Emanueli, wewe mwenyewe umebebwa hivi. Uliwahi kuanguka?"

Akafikiri kwa makini sana. "Mama hajaniambia."

"Basi."

Jaji wa ukaguzi akaja. Injinia kijana kutoka Dodoma, miwani, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Wasichana wa mwaka wa kwanza walikuwa wamekaa safu ya mbele kwa sababu yake, na wala hawakuficha. Akainama juu ya Mjusi.

"Hii ni nini?"

"Kifungio, mheshimiwa jaji."

"Cha kitambaa?"

"Kinapunguza mtetemo." (Mungu anisamehe.)

Akakigusa kwa ncha ya kalamu, akatabasamu, akasema, "Ubunifu mzuri. Wa mazingira yetu." Akaniuliza swali la pili, la tatu, kuhusu mota na uzito, nami nikajibu yote. Safu ya mbele walishaanza kunong'onezana. Akaandika kitu kwenye karatasi yake akaondoka, na mimi nikajiona mtu.

Nikaenda kumwangalia bibi. Simu ya video ilikuwa hewani, ila bibi ameibandika sikioni.

"Bibi, igeuze. Mama anaona sikio lako."

Sauti ya mama ikatoka humo, "Mwache, nimelikumbuka hilo sikio!"

Nikaigeuza. Mama alikuwa amekaa jikoni kwa watu, juu ya kistuli, nyuma yake majiko makubwa yanang'aa. Amekonda. Kila nikimwona kwanza naona amekonda, halafu ndipo namwona. Na mabegani alikuwa amejitanda kile kipande chake cha kanga, kwa sababu tuliahidiana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na yako iko wapi?"

"Ipo," nikasema. "Ipo kazini."

Hakuelewa, na MC alishaita jina letu, la mwisho.

Tukaweka Mjusi kwenye mkanda. Upepo ulikuwa umeanza. Ninyi mnaujua upepo wetu wa miezi hii, ule wa kuangusha mabati na heshima za watu. Emanueli akashika remoti, mimi nikashika mkanda kwa chini usiyumbe, jaji akainua kidole, filimbi ikalia.

Mjusi alipanda! Wandugu, alipanda! Mita tano, betri imetulia tuli. Mita kumi, uwanja mzima umesimama. Kumi na tano, namsikia bibi anamwambia mama, "Kinakwenda, kinakwenda," na najua kwa hakika kwamba simu ameielekeza kwenye kidevu chake. Nilikuwa nahesabu moyoni. Ishirini na moja, ishirini na mbili. Nilikuwa nimeshafika uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeshauona ule mlango.

Sasa nisikilizeni, hili ni somo la bure. Fundo la mbeleko linashikwa na kifua. Mama anavuta pumzi, kifua kinajaza kanga, fundo linakazwa. Ndiyo maana mtoto haanguki. Mjusi hana kifua.

Alipofika mita ishirini na mbili, upepo uliingia chini ya kanga. Nikaona fundo linalegea, taratibu, bila haraka yoyote. Pembe moja ikachomoka, ikapepea, ikaingizwa kwenye magurudumu. Mota ikapiga kelele ya mbuzi aliyekanyagwa. Betri ikatoka mbelekoni ikaning'inia kwa nyaya zake, na pembe ya pili ya kanga ikanasa kwenye nyaya hizo. Umeme ukakatika, Mjusi akasimama. Magurudumu tuliyatengeneza yabane umeme ukikatika, ili chombo kisianguke, na kweli hakikuanguka. Kilibana vizuri mno.

Katikati ya pembe mbili, kanga ya mama ikafunguka yote.

Kama bendera ya taifa, wandugu. Nyekundu, mita tatu chini ya kengele, imetanuka bila hata mkunjo.

Emanueli anabonyeza remoti, hakuna kitu. Na yule mtu wa kamera, ambaye mimi na yeye tutaonana mbele ya haki, akaivuta picha. Akaivuta tena. Skrini kubwa ikajaa maandishi, herufi moja saizi ya ndoo.

MC hajawahi kuona maandishi ya kanga akayaacha yapite. Akashika maiki kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti ile ya kuingiza keki:

"MWILI UKO MBALI, MOYO UKO KWAKO!"

Akarudia. "Moyo uko kwakooo! Nani huyo mwenye bahati?"

Safu ya mbele wakaanza. "Jaji! Jaji! Jaji!"

Nikamtazama jaji. (Kosa. Kosa kubwa. Usimtazame mtu wakati uwanja mzima unasema ni yeye.) Maskini injinia wa watu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. MC akamwendea, "Mheshimiwa jaji, ujumbe umefika?" Mgeni rasmi alikuwa ametoa leso, amejifunika nayo mdomo, mabega yanacheka.

Nilitaka ardhi ipasuke. Ardhi ya chuo ni jiwe tupu.

Kisha nikasikia sauti ninayoijua tangu nizaliwe.

"We Zulfa! Kanga ya mama yako inafanya nini huko juu?"

Bibi alikuwa amesimama juu ya kiti. Mzee wa miaka sabini na kitu, juu ya kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza siku nzima ameishika simu vizuri kabisa, imeelekezwa kwenye skrini kubwa.

MC akanigeukia, maiki mdomoni mwangu. "Kumbe kanga ni ya mama?"

"Ya mama," nikasema. Sauti yangu ikatoka kwenye spika nne, na kila spika ikatetemeka kwa zamu yake.

"Mama mwenyewe yuko wapi tumpe pole?"

"Muscat."

"Huyu hapa!" bibi akapiga kelele. Akashuka kitini, akapita katikati ya mahema kama mtu anayewahi mgao wa maji, akafika, akaibandika simu kwenye maiki.

Nilidhani mama atanitetea. Nilidhani atasema, msimcheke mwanangu. Ikatoka sauti yake, uwanja mzima, mgeni rasmi, majaji, wale wa fulana za kufanana, wote wakaisikia:

"Zulfa! Mbona hiyo kanga chafu hivyo? Huifui?"

Watu wakavunjika mbavu. MC akakaa chini kabisa. Kwenye skrini, kweli, kamera ilikuwa imelipata doa la mafuta ya taa ya miaka mingi, na alama ya wanja wangu wa siku ya mahafali.

Ningeweza kusema ni vumbi. Ningeweza kusema ni grisi ya Mjusi. Leo nilishamwambia jaji uongo, akaukubali. Lakini ilikuwa sauti yake, imetoka kubwa hivyo, imenizunguka pande zote, ilhali kwa miaka minne imekuwa ikitoka kwenye tundu dogo la simu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Siifui, mama."

"Huifui kwa nini?"

"Nikiifua harufu yako itaisha."

Hakuna aliyecheka tena. Na mimi, badala ya kunyamaza hapo nikabaki na heshima kidogo, nikaendelea. Nikasema harufu yenyewe ilishaisha zamani, mwaka wa kwanza tu, lakini naogopa kuhakikisha. Nikasema mimi sitaki kwenda anga za juu. Nikasema kila nikikwambia tuko sawa, hatuko sawa, bibi anaongea na picha yako akidhani sijamwona, na mimi nimetengeneza mashine miezi saba ili nije kukuona. Nililia wandugu. Si kile kilio cha kufuta jicho kwa ncha ya mtandio. Kilio cha kamasi. Mtu wa kamera alishaishusha kamera kutoka kwenye kanga na kunielekezea mimi, na nikajiona kwenye skrini, pua yangu saizi ya mlango, inashuka maji.

Kisha mama akasema taratibu, "Haya. Nimesikia." Simu ikakatika. (Bibi aligusa kitufe kwa shavu. Anakataa mpaka sasa.)

Akina mama kwenye hema la nyuma wakapiga vigelegele, sijui vya nini. Mgeni rasmi aliitumia ile leso kwa kazi yake halisi. Jaji akaja, amevaa miwani sasa, akasema kwa upole kwamba kwa kanuni chombo kisichoshuka hakihesabiwi muda. Nikamwambia najua. Akasimama pale kidogo, akasema, "Pole sana, dada." Akageuka haraka safu ya mbele wasipate la kusema, na wakapata.

Wa fulana za kufanana wameshinda. Wanakwenda Muscat. Niliwapa mkono wote na niliumia kila mkono. Msichana mmoja wao akanivuta pembeni akaniuliza, "Tukifika tukupelekee nini kwa mama?"

Bibi akajibu. "Mafuta ya alizeti lita tano, vitunguu debe moja, asali, na jogoo."

"Jogoo hawamruhusu kwenye ndege, bibi."

"Mjaribu kwanza."

Mjusi hatujamshusha. Mlinzi wa chuo amesema ngazi ya mnara imefungwa kufuli, na mwenye ufunguo ni fundi wa maji ambaye yuko Sepuka kwenye mazishi mpaka Jumatatu. Emanueli alikaa chini ya mnara na remoti yake mkononi, anatazama juu. Nikakaa kando yake. Nilitegemea aniambie, "Nilikwambia." Alikuwa na haki nayo kabisa.

"Mbona hukuniambia kuhusu mama yako?" akasema. "Mimi nilidhani unapenda nyota."

"Ungefanyaje ungejua?"

Akafikiri. "Ningefunga kishikio cha chuma bila kukuuliza."

Tumerudi nyumbani na bajaji ileile ya asubuhi. Dereva alishaona video. Tulipofika lile shimo akalizunguka taratibu, kisha akasema, "Sasa dada, tukubaliane. Si bajaji yangu iliyosema kacha." Nikamwambia tumekubaliana.

Jioni hii nimekaa nje nachambua mboga, najitayarisha kisaikolojia kwa ajili yenu na vicheko vyenu, ujumbe wa sauti ukaingia. Ni mama, anajibu ujumbe wangu kwamba kanga imebaki juu mpaka fundi wa maji arudi Jumatatu. Nimeusikiliza mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa chini na mboga zangu. Bibi amenipokonya simu akausikiliza mara nne. Nawaandikia ulivyo:

"Zulfa mwanangu. Ile karatasi ya miaka miwili iko juu ya kabati mwezi mzima, naiangalia. Kila nikikuuliza unaniambia mko sawa, nikasema basi, wameshazoea bila mimi, acha nibaki niwatafutie. Leo nimeongea na tajiri wangu. Sisaini. Mkataba huu ukiisha narudi. Na hiyo kanga mwambie fundi asihangaike kupanda. Nitakuja kuianua mwenyewe."

Kanga iko kule juu sasa hivi ninavyoandika. Ukipita barabara kuu unaiona, nyekundu, inapepea. Naomba tu upepo uwe na adabu.

Haya, chekeni leo mmalize. Mama akishafika msinitafute, nina kanga ya kufua.